Jua Langu Limefuatwa na Mwenyewe

Walimu wenzangu, leo jua langu limechukuliwa darasani.

Bwana mkaguzi, Mwingereza wa bomani, amekaa nyuma na daftari lake. Katikati nimeweka kibuyu kikubwa, ndilo jua. Watoto ni sayari, wanakizunguka. Safi kabisa.

Mara mama mmoja kaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimefuata kibuyu changu. Maziwa yananisubiri kusukwa."

Akakibeba, huyo.

Nikamtazama aliyekuwa sayari Dunia, binti wa mama huyo, maana ndiye aliyekileta. Akainamisha kichwa.

"Mwalimu, sasa tunazunguka nini?" akauliza mwenzake.

Jamani, nimechoka. Nikaenda kukaa pale chini mwenyewe, wakanizunguka mpaka kengele.

Mkaguzi kaandika nini? "Mwalimu hukaa chini wakati wa somo."

Hebu niambieni, ningefanyaje?