Mashine Haikututambua

Kompyuta ilisema muda wetu umekwisha. Haikusema muda gani, wala ulianza lini. Ilitoa kidirisha kidogo katikati ya kioo cha bluu, kikiuliza kama tunataka kuuthibitisha mfumo sasa hivi. Ukibonyeza ndiyo, inakudai namba ambazo huna. Ukibonyeza hapana, inakurudisha ulikotoka, na ukijaribu kuingia tena inakuuliza swali lilelile.

"Bonyeza hapana kwa nguvu," dada alisema.

Nilibonyeza kwa nguvu. Tukarudi mwanzo.

Tulikuwa mjini Bukoba, kwenye duka la fundi, siku ya Jumatano. Jumamosi ilikuwa misa ya mwaka mmoja wa baba yetu, nyumbani Ngenge. Dada, ambaye anaishi Nyanga na ndiye kiongozi wa kwaya ya kule, alikuwa ameahidi mbele ya ukoo kwamba siku hiyo utaimbwa wimbo wa Taata, kama tulivyomwita baba. Taata aliutunga mama alipofariki, miaka mingi iliyopita, ukaimbwa mara moja tu, kaburini, pale kibanjani kati ya migomba. Akasema na yeye aje aimbiwe huohuo. Tulipomzika hakuna aliyekumbuka, tulikuwa tumechanganyikiwa wote. Karatasi za zamani zilishaliwa na mchwa. Waliobaki wanakumbuka kiitikio tu. Wimbo mzima ulikuwa ndani ya mashine hii, ameuandika mwenyewe kwa nota za do-re-mi, na mashine ilikuwa haitujui.

Kompyuta hiyo alipewa zawadi siku alipostaafu kufundisha kwaya Kashozi. Ilikuwa na ule mfumo wa zamani, wenye picha ya kilima cha kijani na anga jeupe kwa mawingu. Taata alipenda kusema kilima kile ni cha Karagwe, na kwamba amewahi kukipita kwa miguu. Mimi nimezunguka sana, Geita, Kigoma, Mpanda, hadi Tunduma, na kila nilipokiona kilima hicho kwenye kompyuta ya mtu nilisikia harufu ya sebule yetu.

Na sebule hiyo ndiyo iliyotuponza. Wiki mbili kabla ya misa wazee wa ukoo walikuja kupanga shughuli, na dada alitandika nyasi mbichi sakafuni kama inavyostahili wageni wa heshima. Alitandika vizuri, nene, mpaka pembeni, akazishindilia hadi nyuma ya meza, mahali boksi la kompyuta linapokaa chini. Jioni wageni walipoondoka akaiwasha atafute wimbo. Ikavuma, ikanuka kama mtu anachoma shamba, ikazima. Fundi alipoifungua alitoa nyasi konzi nzima kwenye feni.

"Mlikuwa mnalisha?" aliuliza.

"Tulikuwa na wageni," dada alijibu, na kwa upande wake hayo yalikuwa maelezo kamili.

Fundi alikuwa mtu mzima wa pale mjini, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi, mtani sana. Aliweka madabodi nyingine, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu, na mashine ikawaka. Hapo ndipo ilipoanza kutukataa.

"Sikilizeni," alisema. "Huu mfumo ulipowekwa uliikariri mashine yake. Sasa umeamka umekuta ubao mwingine. Unadhani umeibwa, uko kwa mtu mwingine. Unataka uthibitisho kwamba ni nyie."

"Si ni sisi," dada alisema. "Mwambie."

"Huyu haambiwi kwa mdomo, dada yangu."

"Mbona ameandika tupige simu?"

Fundi alicheka, maana ni kweli iliandikwa kwamba waweza kuthibitisha kwa simu. Tukachagua nchi kwenye orodha, tukapiga namba iliyotokea, tukaweka sauti kubwa. Mwanamke wa kurekodiwa akaanza kusema Kiingereza cha haraka. Nilishika neno moja moja. Kuna mahali nilielewa nibonyeze moja, nikabonyeza, akaanza upya.

"Mwambie kuna msiba," dada alininong'oneza.

"Hasikii, ni mashine."

"Na hii ya hapa ni mashine. Waache waongee wenyewe."

Simu ikakatika. Tulijaribu kibandiko kilichokuwa ubavuni mwa boksi, chenye herufi na tarakimu za mfumo. Taata alikuwa na tabia ya kuweka kikombe cha chai juu ya boksi, na miaka yote hiyo chai ilikuwa imechuruzika pale ubavuni. Herufi za mwisho zilibaki kama vivuli. Nilisoma nane, fundi akasoma B, dada akasema ni tundu la mende. Tulijaribu kila namna. Mashine ikakataa kila namna, kwa sentensi ileile yenye adabu.

"Nikupigie windo mpya," fundi alisema mwishowe. Maana yake ni kufuta mfumo wote na kuweka mwingine. Mjini kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta. "Chai ikichemka, imeisha."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vilivyo kwenye D vinabaki. Vya C, sehemu yenye mfumo, vinaondoka. Mzee alikuwa anaweka wapi?"

Tukatazamana. Taata alikuwa anaweka kila kitu usoni, juu ya kilima, kama mtu anayeanika kahawa. Nilimwambia fundi hivyo.

"Usoni ni C," akasema.

Sikuelewa. Uso wa kitu ndicho unachokiona, unawezaje kuwa ndio wa kwanza kufutwa? Nikauliza kama haiwezekani kuitoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Akasema inawezekana kabisa, ila waya wa diski za zamani kama ile alimwazima mwenzake wa Kayanga, atakayeurudisha wiki ijayo.

"Wiki ijayo misa imepita," dada alisema. Kisha akaniangalia. "Wewe ndiye uliyeshinda na kompyuta kule Geita. Tufute au tusifute?"

Ni kweli niliwahi kukaa kwenye duka la kutoa fotokopi Geita. Toka nirudi nyumbani, dada alikuwa akinitambulisha kwa watu kama mtaalamu, nami sikukanusha kwa haraka. Nilisimama pale huku kila nilichokuwa nimewahi kukijua kinanitoka. Nikasema tusifute. Sikuwa na sababu. Niliona tu kwamba mashine ikifutwa haitauliza tena swali, na mimi nilitaka iendelee kuuliza.

Tukairudisha Ngenge Alhamisi, imefungwa kwenye shuka. Safari hii tuliiweka juu ya meza.

Mchana huo niliiwasha na kuizima sijui mara ngapi. Dada alikaa pembeni akimenya ndizi, akiimba kiitikio taratibu, akifika mwisho anaishiwa, anaanza tena. Nikakumbuka kwamba Geita, mashine ikigoma, mwenye duka alikuwa anagonga kitufe kimoja cha safu ya juu, F8, mfululizo, kabla picha haijatokea. Kwa nini, sikuwahi kumuuliza. Nikagonga. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe, nikachagua mstari wa juu kwa sababu ulikuwa na neno la usalama. Mashine ikafikiri. Halafu ikafunguka.

Haikuuliza chochote. Kilima hakikuwepo, pote palikuwa peusi, na vitu vyote vilikuwa vikubwa kama vimeandikwa kwa ajili ya mzee. Lakini mafaili ya Taata yalikuwa pale pale usoni, yamejipanga.

"Imetutambua?" dada aliuliza, kisu mkononi.

"Sijui. Naona imeacha kuuliza."

Mpaka leo sielewi. Mlango wa mbele ulidai vitambulisho vyote hivyo, kumbe kulikuwa na mlango wa uani uko wazi.

Katika hali hiyo printa haikufanya kazi, na flashi haikusomeka. Kwa hiyo dada alileta karatasi, akaanza kunakili kwa mkono kutoka kwenye kioo, soprano kwanza, akiimba kila alichoandika. Kisha alto. Kisha teno. Alipofika besi, akainua kalamu.

"Mbona hapa hamna kitu?"

Mstari wa besi ulikuwa mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikakumbuka. Besi wa Taata nyumbani walikuwa wakulima wa kahawa ambao hawakusoma nota, na yeye hakuwaandikia kamwe. Aliwaita uani, akawaimbia, wakashika. Nami nilikuwa mmoja wao siku tulipomzika mama. Wengine wote wameshatangulia.

"Waitu, tafadhali, imba," dada alisema.

Sauti alizoziimba dada zikiwa bado masikioni, nilifumba macho, nikaimba. Ilitoka vizuri mpaka katikati, pale maneno yanapomwambia mama alale. Hapo zilinijia njia mbili, moja inashuka, nyingine inabaki pale pale. Nimeimba kwenye kwaya nyingi huko nilikozunguka, na sikuweza kujua ipi ni ya Taata na ipi niliiokota Kigoma.

"Ndivyo alivyoimba?" dada aliuliza.

"Sina hakika."

"Ile ya kushuka au ile ya kubaki?"

"Dada, sijui kweli."

Aliangalia kioo cheusi, akaniangalia mimi. Kisha akainamia karatasi.

"Imba ile ya kushuka, polepole," alisema. "Niandike."

Jumamosi vijana wa kwaya ya Nyanga waliimba besi hiyo kaburini kama ilivyoandikwa, nami nikiwa katikati yao. Walipofika pale katikati wakashuka wote pamoja. Mimi, bila kupanga, nilibaki juu.