Mama mkwe hana cha kutupa

Leo tovuti yangu mwenyewe imeniumbua, jamani.

Nimeitengeneza isaidie watu wasimwage chakula. Unaandika ulichotupa, inakushauri.

Sasa mama mkwe, hapo Mazwi, wiki nzima hajaandika kitu! Nikasema hajui kuitumia huyu. Nikapanda baiskeli nikamfundishe.

"Shikamoo mama. Mbona hujaandika ulichotupa?"

"Marahaba. Nitupe nini? Kiporo tumenywea chai, ukoko wamemaliza watoto, maganda kala nguruwe." Akanitazama. "Kwako je, baba?"

Kwangu kuna sufuria nzima ya wali, umechacha tangu jana.

Tovuti ni nzuri, nabishana na yeyote. Ila kuanzia leo ushauri wote anatoa mama mkwe.

Na nyie mnaocheka, funueni sufuria zenu kwanza.