Bundi juu ya Bati Letu Ngokolo

Marafiki, kuna hofu nimewaficha tangu nianze kuugua.

Leo jioni bundi ametua juu ya bati letu la banda la uani, mbele ya dirisha langu.

Paka akakimbilia chini ya kitanda. Mjukuu wangu Neema, anayeniuguza, akachota chumvi aitupe motoni, maana hapa kwetu ndivyo bundi anavyofukuzwa.

Nikamzuia. Nilifundisha baiolojia miaka mingi, mnanijua.

"Huyo anakula panya tu. Macho yake hayazunguki, ndiyo maana anageuza shingo. Kwenye katuni zenu si anavaa miwani na kufundisha?"

"Haya, babu. Basi tumkaribishe mwalimu mwenzako chai."

Tukacheka.

Hapo bundi akageuza shingo taratibu, mwili haukutikisika, akanitazama mimi dirishani.

Nikajivuta nyuma.

"Neema, tupa chumvi."

"Babu, si umesema..."

"Tupa yote."

Akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akaitupa. Bundi ameondoka, lakini bado nalichungulia lile bati ninapoandika.

Nanyi mngeitupa? Semeni kweli.

Kila mnaponipa pole hapa, huwa najibu kwamba nimeishi vya kutosha, niko tayari kwenda.

Siko tayari.