Bibi Alipoolewa na Mwanafunzi wa Sekondari

Nyumba ya bibi yangu, kule Kisarawe, ilikuwa na harufu yake: moshi wa kuni mbichi, nazi iliyokunwa, na samaki mkavu aliyening'inia juu ya jiko kama mtu anayengoja hukumu. Nilikulia katika harufu hiyo na sikuwa na haja ya nyingine. Ndiyo maana naikumbuka vizuri asubuhi moja ya enzi za Mwingereza, mpunga ukiwa umeanza kuinama bondeni, niliporudi kutoka kisimani nikakuta nyumba nzima inanuka dawa ya viatu. Kaka yangu Shomari, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari ya bweni mjini.

Lazima niseme mapema kwamba wakati huo nilikuwa mume wa mtu. Kwa desturi yetu bibi na mjukuu ni watani, na Bibi aliniita "mume wangu" mbele ya umati wowote. Haki zangu za ndoa zilikuwa firigisi kila alipochinjwa kuku, ukoko wa wali, na matusi ya utani kuanzia jogoo la kwanza: kichwa boga, mlafi, mume gani asiyechanja kuni. Nilinenepa kwa hayo yote.

Kijijini petu hakuna aliyewahi kumwona mwanafunzi wa sekondari kwa karibu, kwa hiyo kila mtu alimjua vizuri sana. Ilisemekana hawali kwa mkono. Ilisemekana ugali huwavimbisha tumbo, na kwamba Kiingereza kikishajaa kichwani, kichwa hicho hakibebi tena mzigo. Mama Tatu, jirani yetu, aliapa kwamba shuleni huamshwa kwa kinanda. Bibi akaamini yote na kuongeza ya kwake. Aliazima kiti kwa mwalimu wa chuo cha Kurani na kijiko kwa mwenye duka, akamkalisha Shomari juu, akamwita "Bwana Shomari" kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa maliwali. Mimi nilikaa mkekani nikitazama soli za viatu vyake. Kuku alipoiva, firigisi ilipanda kitini. "Mume wangu, mpishe mgeni," Bibi aliniambia, bila hata tusi la kunifariji.

Nilijituliza kwa hesabu za wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikafika, na Shomari mwenyewe ndiye aliyelitaka.

"Bibi, nipe jembe nikapalilie."

"Astaghfirullah! Watu waseme namlimisha mwanafunzi? Kaa, mjukuu wangu, soma."

Akakaa, kitabu mapajani, akitazama mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini changu kilikuwa kitini, kimevaa soksi.

Siku iliyofuata alitoroka akanifuata bondeni, akapanda nami juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo juu yake tulikaa kuwafukuza ndege. Huko akavua viatu. "Kinanda gani?" akacheka nilipomuuliza. "Tunaamshwa kwa kengele, jioni tunalima, maharage yana wadudu." Akanihadithia wenzake wa darasani: mmoja anakojoa kitandani, mwingine anaiba sukari, mwingine hulia kila apatapo barua ya mama yake. "Na Kiingereza?" nikauliza. "Mwalimu akiniuliza, najikuna." Nilifurahi nikakosa pa kuiweka furaha yangu. Kisha akasema jambo lililonikera: "Wewe una bahati, unatukanwa." Nikaona ananidhihaki, nikashuka kwenda kunywa maji, nikamwachia kamba za makopo ya kutishia ndege.

Niliporudi, Bibi alikuwa mbele yangu, kapu la chakula kichwani. Ndege walikuwa wameshuka juu ya mpunga kama wageni wa harusi, na juu ya dungu msomi wetu alikuwa anakoroma. Nikasimama nyuma ya Bibi. Leo ndiyo leo, nikasema, leo anarudishwa mkekani na mimi narudishiwa nyumba yangu.

"We Shomari! We gogo!" Bibi alipaza sauti mpaka ndege wakaruka. "Mpunga unaliwa nawe umeachama kama mtego wa panya! Nimeolewa na nani mimi, maskini? Ndio mume huyu?"

Shomari akateleza chini, miguu mitupu, anacheka huku machozi yanamtoka, akashika pindo la kanga ya Bibi. "Nisamehe, mke wangu." Bibi akamchapa kwa pindo hilo hilo, kisha naye akacheka mpaka kapu likayumba. Mimi sikucheka. Sasa alikuwa na sekondari, viatu, na matusi pia. Jioni kiti kilirudishwa kwa mwenyewe, Shomari akakaa karibu yangu, na Bibi akaing'ata firigisi katikati, kila mume nusu yake. Yangu niliiona ndogo.

Baadaye nami nilikwenda sekondari, nikala maharage na wadudu wake, nikajikuna kwa Kiingereza. Bibi alifariki nikiwa huko. Leo naishi Kibaha, mtaa wa Sofu, sitoki ila kwa kuitwa. Wanafunzi hupita mbele ya nyumba yangu makundi kwa makundi. Zamani tuliwadhania malaika wasiogusa jembe. Sasa majirani zangu wanawaita wahuni wasiojua kuamkia. Mimi nikiwatazama naona mmoja ana njaa, mwingine ana usingizi, na yule wa nyuma amekumbuka kwao.

Shomari amezeekea Dutumi, analima mihogo, na huja kunitembelea. Ni mkubwa wangu, sina budi. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mume mwenzangu," hujibu, nami hukunja uso kama kijana. Juzi, katikati ya chai, akaniambia ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba siku zake za mwisho Bibi hakumwita yeye aliyekuwa kando ya kitanda, aliniulizia mimi niliyekuwa shuleni. Nikauliza kama alinitukana.

"Sana," akasema Shomari, akatazama pembeni, na kwa nilivyomwona, aliona wivu.