Bega Ambalo Sikuligusa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa mtu. Nilikuwa nimefika hospitali ya Kitale na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakauka kama kadibodi, na kichwani nina majina ya misuli yote aliyoumba Mungu. Msimamizi wa idara, mama mmoja mfupi ambaye sikuwahi kumwona akivaa kiatu kingine isipokuwa raba, akaniangalia juu chini.

"Mikono mfukoni, Wafula," akasema. "Leo utatibu kwa mdomo."

Kazi yetu inaitwa fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mwendo na mazoezi badala ya vidonge. Sasa mtu wa kazi hiyo akiambiwa aweke mikono mfukoni, ni kama fundi cherehani kunyang'anywa sindano. Mgonjwa aliyekuwa mbele yangu alikuwa mpakizi wa magunia kutoka maghala ya mahindi, na bega lake la kulia lilimuuma. Nikamwambia afanye abdaksheni.

"Ati nifanye nini?"

"Abdaksheni ya bega."

Akamgeukia msimamizi. "Mama, huyu kijana ni wa wapi?"

Msimamizi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwambia yule bwana ainue mkono kando, kama mtu anayesimamisha gari barabarani. Mkono ukapanda, lakini bega lote likapanda nao mpaka likakaribia sikio. "Umeona?" akaniuliza. "Huyo anaiba. Mkono haujapanda, ni bega limeubeba. Siku utakayoweza kumwambia mkulima asiibe, naye akuelewe bila wewe kumshika, siku hiyo nitakuita mtu wa kazi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwona mama mwenye madharau. Lakini bega lenyewe ndilo lililonifundisha kwamba alikuwa na haki. Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha chai, halafu ukiinamishe kisahani: hivyo ndivyo kiungo cha bega kilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ndicho chungwa, na kisahani ni shimo dogo sana lililo pembeni mwa kombe, ule mfupa bapa wa mgongoni. Nyonga imechimbiwa shimo refu, kwa hiyo ni imara lakini haiendi mbali. Bega limepewa uhuru wa kwenda kila upande, na bei ya uhuru huo ni kwamba chungwa linaweza kuanguka wakati wowote. Kinacholizuia ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kulikumbatia pande zote. Ule msuli mnene wa nje, ambao vijana wa gym wanapiga nao picha, unanyanyua tu. Wenye kushikilia ni hao wanne, na hakuna mtu anayewapiga picha.

Kutoka Kitale nilihamishiwa kituo cha afya karibu na Moi's Bridge. Mkubwa wetu pale alikuwa afisa wa kliniki, mzee mpole ambaye kila msimu wa mavuno alisimama mlangoni akasema, "Wafula, jitayarishe. Mahindi yakiiva, mabega yanaoza." Na kweli, wapakizi walikuja wakiwa wameshika mikono yao kama watoto wachanga. Hapo ndipo nilipojifunza kusema kwa Kiswahili cha ghalani. Juu ya kiungo cha bega kuna kipaa cha mfupa, na ukiinua mkono huku kiganja kimeangalia chini, mfupa unagonga kile kipaa na kusaga kano iliyo katikati. Nikawa nawaambia, "Geuza kidole gumba kiangalie juu, halafu upandishe. Usigonge dari." Hata wenye kelele walielewa.

Baadaye nikaletwa Bungoma, na huko ndiko nilikokaa hadi kustaafu. Ni huko pia nilikopata mgonjwa aliyenitia hofu kuliko wote, naye alikuwa mama wa mke wangu.

Mama aliishi Matulo, peke yake katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, na kaburi la mumewe liko pale nyuma ya ndizi. Wake wa wanawe wawili walikaa boma hilo hilo, hatua chache tu. Asubuhi moja aliteleza kwenye matope akibeba nyasi za ng'ombe, akaangukia mkono. Picha ilionyesha mfupa haukuvunjika. Alifungwa mkono kwa kitambaa shingoni, akaambiwa apumzike wiki mbili.

Basi wakaza wana wakasikia neno "apumzike". Walimpenda yule mama, na kila mmoja hakutaka mwenzake aonekane anampenda zaidi. Mmoja akachota maji, mwingine akapika. Mmoja akamwosha, mwingine akamfunga kitambaa cha kichwa. Wiki mbili zikaisha, msimu wa kupanda ukaisha, mkono bado uko shingoni kama mgeni wa heshima. Kumbe ndani, ule mfuko laini unaozunguka kiungo ulikuwa unajikunja na kukakamaa. Bega lisipotembea huganda. Walipokuja kufungua, mkono haukuweza kufika hata usawa wa kifua.

Mwanawe mkubwa, Barasa, mfanyabiashara wa mahindi Kitale, akaja na uamuzi wake. "Mama hawezi hata kujifunga kitambaa cha kichwa. Nitampa mpaka Disemba. Ikiwa bado, ninamchukua Kitale." Hakusema kwa ubaya. Aliogopa mama yake ataanguka tena bila mtu wa kumwona.

"Kitale nifanye nini?" Mama aliuliza. "Nikae kwa geti kama kuku wa kufungiwa? Na huyu nimwachie nani?" Alikuwa anaonyesha upande wa ndizi. Mke wangu Nekesa aliponisimulia hayo, alilia.

Sasa nyinyi mtasema, si mkwe wake ni mtu wa fiziotherapia? Ndiyo, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Si chuki, ni heshima. Mwenzangu wa kike katika idara alikuwa likizo ya uzazi, na barabara ya kumpeleka Mama kwingine kila mara ingemmaliza. Barasa akaniambia, "Shemeji, si wewe ni Mkristo? Mila ya zamani hiyo, mshike tu." Mimi ningemshika. Lakini mwenye bega alikataa. "Heri mkono ukauke. Mkwe wangu hatanishika."

Niliketi kitandani nikakumbuka yule mama wa raba. Mikono mfukoni, Wafula.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Matulo. Nikawekewa kiti nje, chini ya dirisha la sebule, pazia limefungwa. Ndani Mama aliketi na Nekesa.

"Nekesa," nikasema, "pitisha kidole juu ya bega la Mama mpaka ukute pembe ya mfupa. Hicho ndicho kipaa. Umepata?"

"Nimepata."

"Mkono wako wa kushoto ukae hapo, usikubali pembe hiyo ipande. Sasa shika kiwiko, upeleke mkono mbele pole pole mpaka Mama aseme basi."

Halafu nikasikia sauti ya Mama: "Mwambie huyo mwenye amekaa nje ati inauma, bana!"

"Mwambie Mama inauma kama mlango uliokaa bila mafuta. Haivunjiki."

Tulianza hivyo. Taulo la moto kwanza. Kisha ainame, mkono uning'inie na kuzunguka kama anakoroga uji. Kisha kiwiko kikae ubavuni na mkono ufunguke nje, maana bega lililoganda hupoteza kwanza kule kufunguka. Mwisho vidole vipande ukutani kama buibui, na pale vinapokomea Nekesa aweke alama ya makaa. Mama akienda jikoni mimi niliingia na kuisoma ile alama, kisha nikatoka kabla hajarudi.

Wakaza wana walikuwa kazi ngumu kuliko bega. Nilipowaambia wasimfanyie kila kitu, mkubwa wao akashika kiuno. "Na watu watasema aje? Ati mama anafagia na sisi tuko?"

"Waambie ni dawa," nikasema. "Waambie mtu wa fiziotherapia wa Bungoma amewakataza kumsaidia, na akisikia mmemsaidia atakuja kupiga kelele hapa." Alicheka, lakini ufagio akauacha. Aliniambia baadaye ilimuuma kumwona mama mkwe wake akihangaika na sufuria, akaingia ndani asione.

Ikafika siku nikakuta alama imeruka juu ghafla. Furaha ikanipanda, halafu nikaingiwa na shaka. Nikarudi dirishani. "Nekesa, Mama akipanda ukuta, visigino viko chini? Na ile pembe ya mfupa imekaa?"

Nekesa akaanza kucheka ndani.

"Mwambie Mama anaiba."

"Mimi?" Mama akapaza sauti, na kwa mara ya kwanza hakusema na Nekesa, alisema na pazia. "Mimi ni mwizi? Toka nizaliwe sijaiba hata yai!"

"Wizi wa bega, Mama. Mkono haujapanda, umebebwa."

Kisha akasema, "Haya. Futa hiyo alama." Nekesa akaifuta. Nilimpenda sana yule mama siku ile, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Alama zikapanda kwa haki, kidogo kidogo, nyingine zikirudi chini wakati wa baridi. Disemba Barasa akaja na gari. Mimi nilikuwa kitini pangu, nje, mikono mfukoni. Nikamsikia Barasa akisema, "Haya Mama, jifunge kitambaa." Nikasikia kitambaa kikikung'utwa. Halafu wakaza wana wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia, na Barasa akatoka nje akapita mbele yangu, akifuta macho, akaenda kuzima gari.

Nilistaafu juzi. Vijana mnaobaki kazini mna mashine za umeme na video za kutuma kwa simu, na sizichukii. Ninachowaomba ni kwamba mjue kusema. Mgonjwa hukaa nawe muda mfupi, halafu anarudi nyumbani na maneno yako tu.

Idara iliniandalia sherehe ndogo katika uwanja wa hospitali. Kwa kuwa hapakuwa bomani kwangu, ambako kwa mila mama mkwe hafiki, Nekesa alimwalika Mama, naye akaketi hema la mwisho kabisa, nyuma ya wanawake. Wakubwa walisema maneno yao. Kisha mwendesha sherehe akapiga kelele, "Wale mabega yao yalipita katika mikono ya huyu mzee, inueni juu tuwaone!"

Mikono ikapanda: wapakizi, walimu, masista wa wodi. Na kule nyuma, polepole, ukapanda mkono mmoja ambao mikono yangu haikuwahi kuugusa.

Kwa mila yetu sikupaswa kumtazama usoni, na sikumtazama. Nilitazama bega. Kombe lilikuwa limetulia, kidole gumba kimeangalia nyuma, mkono umenyooka hadi ukagusa sikio.

Mama hakuwa anaiba.