Sahani ya Kaka

Kila jioni mama alipakua sahani tatu, na nyumbani tulikuwa wawili.

Ile ya tatu ilikuwa ya bati, yenye ua jekundu lililobanduka katikati, na ilikuwa ya kaka yangu aliyekuwa mwanajeshi. Wali ukipikwa, ana fungu lake. Kambare akipatikana mtoni, kichwa ni chake, kwa sababu tangu utotoni alipenda kichwa. Mama aliifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kigoda karibu na mlango, na asubuhi kuku walipata riziki yao. Mimi nilikuwa nikiiona tu, moyo wanishuka. Nilijiambia, maskini mama, bado anangoja.

Kaka alivuka mpaka na wenzake, na msafara wao ukashambuliwa njiani. Wako waliorudi wakitembea, wako waliorudi ndani ya majeneza yenye bendera. Yeye hakurudi kwa njia yoyote. Walikuja maafisa wawili hapa kwetu, nje kidogo ya Tarasaa, wakavua kofia, wakasema hajulikani alipo. Mama akawauliza, "Hajulikani na nani?" Wakatuachia sanduku lake, lenye viatu na shuka na kopo la rangi ya viatu ambalo alikuwa hajalifungua, wakaenda zao.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nina kibanda Garsen, pale njia panda, nashona sare za shule na madera. Nikiwa pale naona mabasi yote, yanayoteremka kutoka Hola na yanayongoja kusindikizwa na askari kwenda Lamu. Miaka ile, basi likisimama tu, mimi nainua kichwa. Nawatazama wanaoshuka mpaka wa mwisho. Sindano imenidunga vidole si kidogo kwa upuuzi huo. Wateja wakinitania, "Fundi, unamngoja bwana?" nawajibu, "Nangoja akili yako irudi." Wanacheka, nami nacheka, na basi likiondoka nakuwa sina hamu hata ya kumeza maji.

Ndipo akaja yule mama wa ukuta. Alikuwa mjane tajiri anayekaa Mombasa, mzaliwa wa Kipini, mumewe alimwachia malori. Mwanawe wa pekee alikuwa afisa, naye alikufa huko huko ng'ambo ya mpaka. Alitaka kuwajengea askari wote waliotoka sehemu zetu za mto ukuta wa mawe meusi pale Garsen, wenye majina yao, na viti vya saruji ambapo jamaa zao wangekaa. Hakutaka kura ya mtu. Tulimchunguza sana, maana mtu akikupa bure siku hizi lazima umtazame mikono yote miwili, lakini wapi, mama wa watu alikuwa na msiba wake tu.

Bila shaka kamati ikaundwa. Jamani, kamati! Walikaa vikao vingi kuliko mawe ya ukuta wenyewe. Wapokomo waanze au Waorma waanze? Ukuta uelekee barabarani au mtoni? Mbuzi wakipanda juu, mwenye mbuzi atozwe nini? Yule mama aliwasikiliza, akawanywesha chai, halafu akawaambia majina yatapangwa kama walivyokufa, kwa kuwa huko hawakuulizana kabila.

Akaja mpaka kwetu kuomba jina la kaka. Alikaa mkekani na mama, magoti yakikaribiana, wajane wawili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Dada yangu, asante. Lakini mwanangu hajaomba."

Ikabidi nimfafanulie mgeni. Sisi ni Wagiriama. Babu alihamia huku delta kutoka kusini kufuata ardhi, na mila akaja nazo. Jumapili tuko kanisani, lakini wafu wetu tuna namna yetu nao. Mtu akifa, hukurupuki tu ukamchongea koma, yaani kile kigingi cha mti mgumu chenye kichwa na shingo, kinachosimama badala yake. Unangoja. Mwenyewe akikitaka atamjia mtu wa nyumba hiyo usingizini amwambie nasikia baridi, nivisheni. Hapo ndipo kigingi kinapandwa, kinafungwa vitambaa shingoni, na mwenye njaa analetewa chake pale pale. Kikishapandwa hakihamishwi, hata nyinyi mkihama. Na asiyeomba, hapandiwi. Kwa mama, jina juu ya jiwe lilikuwa jambo lile lile.

Nilidhani mgeni atakasirika. Alishika mkono wa mama, akasema kwa lafudhi yao ya Kipini, "Basi tumwatie nafasi yake, dada. Akiomba, ataandikwa." Na kweli fundi wa mawe alipochonga majina, aliacha mstari mmoja mtupu, laini, uking'aa kama kioo. Mwenyekiti wa kamati, mtu asiye na haya, akapendekeza pale paandikwe majina ya kamati. Yule mama alimwangalia tu, na mzee mzima akaanza kutafuta miwani yake iliyokuwa usoni.

Sasa nije kwenye jambo langu. Mchana mmoja, joto la Garsen lile linaloyeyusha hata mawazo, nilisinzia nimelalia cherehani. Nikamwona kaka mlangoni pa kibanda. Sare imemganda mwilini, inachuruzika maji. Hakunitazama. Alikuwa anatazama majora yangu ya vitambaa, moja baada ya jingine, kama mteja asiyeweza kuchagua. Akasema, "Wewe ni fundi mzima, na mimi nasikia baridi."

Nilishtuka malaika yamenisimama mwili mzima. Nilinusa rangi ya viatu, wallahi, na pale sokoni hakukuwa na mpiga viatu rangi hata mmoja. Nikajifunika leso. Akaja tena wiki iliyofuata, na tena, mchana kweupe, nikipepesa tu jicho. Maneno ni yale yale. Ikawa nashona nimejitanda leso mbili, watu wanaranda vifua wazi kwa joto, mimi meno yanagongana. Niliogopa kibanda changu mwenyewe. Niliogopa hata mlio wa mkasi.

Nilijua maana yake, nani asiyejua? Lakini nimwambieje mama? Nikisema nimeota, kaka amekufa. Nimemuua kwa mdomo wangu, na ile sahani naivunja mimi. Nikinyamaza, ndugu yangu anabaki kwenye baridi, fundi wa nguo akiwa dada yake. Nilikonda. Nilikuwa nikipita mbele ya ule ukuta nauona uso wangu kwenye mstari mtupu, pale pale panapotakiwa jina, nageuza shingo nakaza mwendo.

Siku ya kufungua ukuta walifunga hema, wakaja wakubwa na vipaza sauti vyao. Mama alisema anakwenda kuwasindikiza wenzake tu. Alivaa hando nyeupe, ile sketi yetu ya marinda, akabeba kikapu. Pazia likavutwa, majina yakasomwa. Kila jina likitajwa, unasikia mahali fulani kwenye hema mtu anavuta pumzi. Msomaji alipofika kwenye mstari mtupu aliuruka, akaendelea. Hapo mama akasimama.

Alitembea mbele ya wale wakubwa wote, akaweka kiganja pale patupu. Nikakimbia, nikadhani ataanguka. Hakugeuka.

"Amekuja kwako, sivyo?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Unajitanda leso mchana na jua hili. Na siku hizi basi likisimama huinui kichwa tena. Watu wananiambia. Anasemaje?"

Sikuweza kuzuia. "Anasikia baridi, mama." Nikalia kwa sauti, mbele ya vipaza sauti, sikujali.

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Kwangu hakuomba nguo. Kwangu aliomba chakula. Mwaka ule ule walioleta sanduku."

Sahani. Miaka yote ile nilikuwa nikiihurumia sahani ya mtu anayengojwa, kumbe ni mfu analishwa mlangoni petu, na mama anajua, na mimi nalala hatua chache kutoka pale. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, nawe kila basi unainua kichwa?"

Akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na kigingi cha muhuhu, kirefu kama mkono, kichwa duara, shingo imechongwa vizuri. Mjomba alimchongea zamani. Kilikuwa tayari, kikingoja mwenyewe aombe nguo. "Nilijua atakwenda kwako," mama akasema. "Fundi wa nguo si mimi." Na alitaka kipandwe pale pale, miguuni pa ukuta, kwa sababu nyumbani mto ukifurika unatuhamisha, na koma hahamishwi. Tena pale yuko na wenzake.

Mwenyekiti akaja mbio. Haiwezekani, hii ni sakafu mpya ya matofali ya kabro, hili si shamba la mtu, wageni wanatazama. Nilikuwa tayari kumrarua. Lakini yule mama wa Kipini alishafika. Alikitazama kigingi, akatazama chupa ya tembo la mnazi iliyochungulia kikapuni, akavuta buibui lake.

"Dini yangu yaniambia nisimame mbali na jambo hili," akasema, "na nitasimama mbali. Ng'oeni kabro moja."

Akaenda mpaka mwisho wa hema, akatugeuzia mgongo, akabaki hivyo.

Nikakimbia kibandani. Nilichana nyeupe ya mashati ya shule, nyekundu ya sketi, na buluu ya kaptula nikaikata bila kupima. Niliporudi fundi wa mawe alikuwa amechimba. Nilimfunga kaka shingoni mwenyewe, kitambaa juu ya kitambaa, nikakaza fundo kama nilivyokuwa nikimkazia tai ya shule. Mama akamwaga mnazi na unga, akasema, "Haya, mwanangu. Nguo hiyo, dada yako amekushonea. Chakula utakipata hapa. Usisimame tena mlangoni." Kisha akamgeukia fundi wa mawe. "Sasa andika."

Leso zilinilemea ghafla. Nikazivua zote mbili, jasho likanitoka.

Jioni ile mama alipika wali na kambare. Akapakua sahani mbili, akaketi. Nilikitazama kigoda kitupu, nikainuka, nikaenda kabatini mwenyewe, nikaitoa ile ya bati, nikaileta pale jikoni nimeishika kwa mikono miwili. Nilitaka apakuliwe. Kichwa cha kambare kilikuwa bado chunguni.

"Rudisha, mwanangu," mama akasema. "Leo amekula kwake."

Nikaiosha, ingawa ilikuwa safi, nikairudisha.