Mpaka wa Kasimiri

Shemeji yangu Kasimiri hajui kusema uongo. Watu husema hivyo wakimsifu. Mimi nasema hivyo nikimlaani, maana mkewe Eufrazia ni dada yangu, na nyumba iliyovunjwa ilikuwa ya mama yetu.

Sisi Waluguru ardhi yetu inafuata upande wa mama. Mwanamume akioa anakuja kukaa kwetu, analima kwetu, na akishindikana anarudi kwao. Kasimiri alikuja mwaka sitini na tisa, kibarua wa misitu, mwembamba, soksi kazivuta mpaka magotini utadhani mkuu wa wilaya. Kazi yake ilikuwa kufyeka mpaka wa hifadhi huku juu ya Kilakala na kupanda mikaratusi kwenye mstari, ili kila mtu ajue: chini ya miti hii lima, juu yake usiguse.

Sasa mstari wenyewe, ule wa wakati wa Mwingereza, ulipita chini ya nyumba yetu. Chini, jamani! Maana yake tulikuwa tunalala hifadhini. Mama alilijua hilo. Akamwita Kasimiri, na huku kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumbishia. Mama akampa kisogo, akasema, "Baba, miti yako ipande kule juu, nyuma ya migomba." Kasimiri akainamisha kichwa, akaenda kupanda nyuma ya migomba. Ndiyo hila pekee aliyofanya maishani, na ilimtesa miaka ishirini na tano. Kanisani alikaa benchi la mwisho kama mgeni.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Mashirika ya umma yakauzwa, na wakubwa waliokuwa wakituhubiria ujamaa wakawa matajiri. Mmoja wao, Bwana Eustace, alipanda mlima na pikapu akitafuta mahali penye upepo, anapoweza kuuona mji wote akiwa kibarazani. Mjomba wetu Fransisko, mkuu wa ukoo, akamuuzia migomba yetu, kipande kilichokuwa kati ya nyumba na mikaratusi. Hakutuuliza. Mwaka haukuisha, ghorofa likasimama, na rafiki zake Bwana Eustace wakaanza kuja kuulizia viwanja.

Serikali ya kijiji ikaitisha mkutano. Siku moja kabla, bwana misitu, kijana anaitwa Evance, alikuja nyumbani akanywa chai yetu. Akamwambia Kasimiri, "Mzee, wewe sema tu mstari wa kweli uko wapi. Wenyeji wa zamani hawataguswa. Tunawataka hawa wa maghorofa."

Eufrazia akadakia, "Kama ni hivyo, andika."

Evance akacheka. "Mama, neno langu halitoshi?"

Haya. Mkutanoni watu wakagawanyika. Wengine wakasema mwacheni tajiri ajenge, atatuletea umeme na barabara. Wengine wakasema miti ikiisha chemchemi zitakauka, mji mzima utakosa maji. Bwana Eustace alingoja wachoke, ndipo akasimama taratibu. "Nimenunua kwa wenyewe. Nimejenga chini ya mikaratusi. Nionyesheni sheria niliyovunja."

Eufrazia akamtazama mumewe, akatikisa kichwa mara mbili kumkataza. Mimi niliona, na Kasimiri aliona. Akasimama hivyo hivyo.

"Mikaratusi ni ya uongo," akasema. "Niliipanda mimi."

Akatupeleka mpaka shambani, chini ya mlango wetu, akachimba kwa mikono yake, ikatokea bikoni ya saruji, alama ya mpaka wa Mwingereza. Watu wakapiga makofi. Akalia kwa furaha, mjinga yule, akinitazama hata mimi nimpongeze. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Wiki moja haikupita, tukapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu: ghorofa la Bwana Eustace, na nyumba ya marehemu mama. Bwana Eustace akaenda mahakamani, akapata zuio. Eufrazia akaenda ofisi ya misitu, akaambiwa Evance amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake akafungua jalada, akapekua kurasa zote. "Mama, hapa hakuna maandishi yoyote kuhusu wenyeji wa zamani."

Wavunjaji walikuja asubuhi. Wakamuuliza Kasimiri ni nyumba ipi isiyo na zuio. Akawaonyesha kwa kidole! Nilimrukia nikampiga, nikashikwa. Kuta za udongo hazikuchukua muda. Dada yangu alisimama ameshika sufuria mbili.

Jioni ile ile ukoo ukakaa. Mjomba Fransisko, aliyeuza ardhi ya wanawake bila haya, ndiye aliyemhukumu Kasimiri arudi kwao. Kwao wapi? Mama yake alikwishakufa, na dada zake shamba haliwatoshi wenyewe. Eufrazia akahamia Mikese kwa binamu yetu, anauza mihogo ya kuchoma kando ya barabara kuu. Kasimiri akatangatanga mwezi mzima, mpaka Bwana Eustace akamwokota akampa kazi ya ulinzi. Ndiyo, getini kwake. Kesi yenyewe inaahirishwa mpaka leo.

Mwezi uliopita nilipita pale na mzigo wangu wa kuni. Sikumwamkia.

"Unalinda nini, shemeji?"

"Nyumba."

"Nyumba iliyo wapi?"

"Ndani ya msitu," akajibu, kama aliyeulizwa saa. Kisha akaja karibu, kofia mkononi. "Eufrazia hajambo?"

Hasira ikanipanda. Nikamtazama machoni. "Ameolewa. Anaishi vizuri, kasahau kabisa."

Akatikisa kichwa kukubali. Wala hakushuku, maana yeye mwenyewe asingeweza kusema hivyo kama si kweli. "Ni haki yake," akasema, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Dada yangu hajaolewa na mtu. Kila nikishuka Mikese, jambo la kwanza ananiuliza kama Kasimiri anakula. Namwambia sijamwona.